Umempasua chura, umekuta minyoo: anza na mahali ulipoikuta

Kila mwaka vyura wa mazoezi wakianza kuingia maabara, lazima siku moja ipigwe kelele. Mwanafunzi anaruka kutoka kwenye stuli, mkasi unaanguka, "Mwalimu, huyu wangu ana kichocho!" na darasa zima linahamia meza moja. Nimekaa kwenye maabara ya shule hapa Mwanza miaka ya kutosha kuizoea hiyo kelele, na swali langu la kwanza halijawahi kubadilika: umeikuta wapi? Ikoje, rangi gani, urefu gani, tutaongea baadaye. Kwanza wapi.

Chura wa kanda hii ya ziwa ni nyumba ya kupanga. Kila chumba kina mpangaji wake, na mpangaji wa mapafuni humkuti kibofuni. Ukishajua chumba, majina ya kuhangaika nayo yanabaki mawili au matatu.

Hakikisha kwanza kwamba ni mnyoo

Mara nyingi hakuna mnyoo wowote. Ukifungua tumbo, kitu cha kwanza kitakachokukodolea macho ni vidole vya njano vinavyoning'inia karibu na figo. Hayo ni mafuta ya akiba ya chura. Yananenepa wakati wa neema na kunywea wakati wa njaa. Kwa jike kuna mtego mwingine: mirija ya mayai, myeupe, imejikunjakunja pande zote mbili za mgongo kama tambi zilizopikwa. Nimewahi kusahihisha daftari ambalo kijana ameichora kama tegu, na kichwa amekiwekea.

Fuata kitu hicho kwa ncha ya sindano hadi mwisho wake, huku na huku. Kikiwa kimeshikwa na utando pande zote, kina mishipa ya damu inayoingia ndani, hicho ni kiungo cha chura mwenyewe. Mnyoo bapa huwa umejishikiza tu, na mara nyingi upande mmoja.

Punje za waridi mwishoni mwa utumbo

Hili ndilo tukio linalonipendeza kuliko yote, kwa hiyo mtanivumilia.

Umepasua sehemu ya mwisho ya utumbo, karibu na njia ya kutokea. Ndani kuna vijipunje vidogo kuliko punje ya mchele, vya waridi au vyekundu-vyekundu, umbo la koni. Ukikivuta kimoja kwa koleo ukuta wa utumbo unainuka nacho kama hema, kisha kinaachia ghafla. Kigeuze kitako juu: utaona kikombe kikubwa cha kunyonyea, kimechukua karibu upana wote wa mwili. Huyo ni Diplodiscus, au ndugu yake wa karibu.

Mtu aliyewahi kusimama machinjioni taulo la ng'ombe, yaani tumbo lake kubwa la kwanza, likigeuzwa ataguna hapa, maana vile vijipunje vya waridi vinavyojazana kwenye manyoya ya taulo anavijua. Hao wa ng'ombe na huyu wa chura ni wa kundi moja, lile la wenye kikombe kikubwa nyuma. Wote wawili huanzia kwa konokono wa maji. Lakini hawabadilishani nyumba: wa chura hawezi kuishi kwa ng'ombe, wala wa ng'ombe kwa chura.

Ameingiaje? Mabuu yake hutoka kwa konokono yakiwa na mkia, yanaogelea, yanafika kwenye ngozi ya chura, yanakata mkia na kujifunika kwa ganda. Hapo yanatulia tu. Hayatoboi ngozi, hayana haraka, kwa sababu chura atayaleta tumboni mwenyewe. Chura hujivua ngozi mara kwa mara, na akishaivua haitupi. Ukimmulika kwa tochi usiku wa namna hiyo utamwona amejikunja mgongo, anapanua na kufumba mdomo, mikono inasukuma kitu kama mfuko mwembamba wa nailoni kuingia kinywani, mithili ya mtu anayevua fulana kwa meno. Kwa kula ngozi yake anayameza na yale maganda. Viluwiluwi huyapata pia, wao wakiyazoa pamoja na tope wanalolamba.

Dawa? Hakuna haja. Chura mwenye punje kumi za namna hiyo huwa ananenepa kama wenzake. Hesabu, chora, endelea na kazi.

Kwenye chumba hichohicho unaweza kukutana na kitu kingine kinachozua ubishi: majimaji ya utumbo yanayometameta, kama maziwa yaliyonyunyiziwa vumbi la kioo. Weka tone moja kwenye slaidi. Vitu bapa, vyenye umbo la jani, vinateleza taratibu kwa vinyweleo vilivyofunika mwili mzima. Wanafunzi huandika "minyoo bapa midogo sana" na wanapoteza alama. Hao ni Opalina, kiumbe wa seli moja yenye viini vingi. Hana mdomo, hana kikombe cha kunyonyea, na amejaa kwenye vyura wengi kiasi kwamba ukimkosa ndipo ushangae.

Utumbo mwembamba: jani dogo, au uzi mweupe

Jani hilo ni kijitu cha milimita moja hadi tatu, kinachopitisha mwanga isipokuwa kwenye doa la kahawia katikati au nyuma. Hilo doa ni mayai. Kwa vyura wa nchi kavu, wale wenye ngozi ya vipele tunaowakuta uani, mtuhumiwa wa kwanza ni Mesocoelium.

Na hapa nijibu swali la salamanda, kwa sababu kila aliyesoma kitabu cha nje huniuliza. Vitabu hivyo huandika "vyura na salamanda" kama vile wote wako nyuma ya darasa. Salamanda hawapo kusini mwa Sahara. Afrika wanapatikana pembe ya kaskazini tu, Moroko, Algeria na Tunisia. Huko Ulaya utumbo wa salamanda una mnyoo wake maarufu, Brachycoelium salamandrae, na wataalamu kwa muda mrefu waliuweka familia moja na huyu Mesocoelium wetu kwa jinsi wanavyofanana. Kwa hiyo ukiona picha ya Brachycoelium kitabuni ikafanana na ulichonacho mkononi, macho yako ni mazima. Ila usiandike jina hilo.

Uzi mweupe unaleta ugomvi mkubwa zaidi. Mwanafunzi anaona kitu kirefu cha mviringo, anaandika "mnyoo wa mviringo", anafunga daftari. Lakini kuna tegu wa vyura, Nematotaenia, ambaye mwili wake haujabapa kabisa. Ni wa duara kama uzi wa kushonea, na pingili zake hazionekani mpaka ufike mkiani, ambako zinaanza kujitenga kama shanga. Aliyemwita hivyo alimwelewa: jina lenyewe ni "uzi" na "utepe" vikiwa pamoja.

Usimtofautishe kwa umbo, mtofautishe kwa mwendo. Mweke kwenye sahani ya maji ya chumvi, subiri dakika moja. Mnyoo wa mviringo hujirusha kushoto na kulia kama mjeledi, lakini urefu wake ni uleule. Tegu hujivuta na kujikunyata, ananenepa hapa anakonda pale, urefu unabadilika ukimtazama. Halafu tafuta kichwa: vikombe vinne vya kunyonyea, bila ndoano. Kipimo hiki cha mwendo hakijawahi kuniangusha, na hakihitaji hadubini.

Kama chura wako ni yule wa majini mwenye makucha meusi kwenye vidole vitatu vya kila mguu wa nyuma, asiye na ulimi, huyo ni Xenopus, na hesabu yake ni tofauti. Ziwa letu lina wake, Xenopus victorianus, aliyepewa jina na mtaalamu Mjerumani, Ahl, mwaka 1924 kutokana na vielelezo vya Busisi, hapohapo ambapo leo watu wanapiga picha za daraja. Tegu wa jamii ya Xenopus ni Cephalochlamys, na humpata kwa kumeza vijidudu vidogo sana vya maji. Huyu wala hana vikombe vinne. Kichwa chake kina mifereji miwili.

Umeikuta nje ya utumbo

Mapafuni kuna wapangaji wawili. Jani jeusi-jekundu lililotulia, ambalo utumbo wake uliojaa damu unaonekana kama matawi, ni Haematoloechus. Chura alimpata kwa kumla kereng'ende. Uzi unaojirusharusha ni Rhabdias, naye si mnyoo bapa.

Kibofuni, jitu lenye sahani ya vikombe sita nyuma pamoja na ndoano ni la jamii ya Polystoma. Hili halihitaji konokono hata kidogo. Linatoka chura hadi chura. Yule wa vyura wa Ulaya, Polystoma integerrimum, husubiri msimu chura anaporudi majini kuzaa ndipo naye ataga, mabuu yake yawakute viluwiluwi. Basi usishangae ukimkuta mzima hana yai.

Vijifuko vya njano kwenye nyama au chini ya ngozi, saizi ya punje ya ulezi, mara nyingi ni Clinostomum akiwa bado mchanga. Wauza sato wanamfahamu bila jina. Chura na samaki kwake ni kituo cha kusubiria. Anataka kuliwa na korongo ili akakomae kooni kwa ndege.

Utepe mweupe, bapa, usio na pingili, umejikunja ndani ya nyama ya paja: hapo acha utani. Huyo anaweza kuwa buu wa Spirometra, tegu anayekomaa kwa mbwa, paka na wanyama wa porini walao nyama. Katika vyote nilivyovitaja, ndiye wa kuogopa zaidi, maana anaweza kuhamia kwa mtu moja kwa moja kutoka nyama ya chura: kwa kumla chura mbichi, au kwa ile tiba ya Asia ya kubandika nyama mbichi ya chura kwenye jicho au kidonda. Pia mtu humpata kwa kunywa maji yenye vijidudu vilivyombeba. Daktari Patrick Manson alimkuta ndani ya maiti huko China mwaka 1882. Ndiye Manson huyohuyo ambaye jina lake limebebwa na kichocho cha tumbo cha ziwa letu, Schistosoma mansoni. Vaa glavu, nyama hiyo ichomwe, paka wa mlinzi asiipate.

Mayai yapo, mnyoo haupo

Umepima kinyesi, umeona mayai ya kahawia tele, umepasua utumbo mzima hukuona kitu. Rudi mapafuni. Mayai ya Haematoloechus hupanda hadi mdomoni, yanamezwa, yanatokea chini kama vile yalizaliwa utumboni. Kama mapafu ni safi, fungua kibofu, kwa sababu mkojo na kinyesi cha chura vina mlango mmoja.

Hakuna kitu kabisa

Uliufungua utumbo kwa urefu, au uliukata vipande? Upasue kwa mkasi mwembamba kuanzia tumboni hadi mwisho, ndani ya maji ya chumvi, utikise, mimina kwenye glasi ndefu. Acha dakika tano vitu vizito vitue, mwaga ya juu, ongeza mengine, rudia mpaka yawe meupe. Kisha mwaga masalia kwenye sahani iliyowekwa juu ya karatasi nyeusi. Ajabu ya karatasi nyeusi utaiona mwenyewe.

Na kama chura alikufa jana jioni ndoo ikiwa juani, usitafute. Utumbo umeshajimeng'enya pamoja na wageni wake.

Mnyoo umeharibika mikononi mwako

Hapa nina makosa yangu. Mwaka mmoja nilipata tegu mzuri ajabu, mrefu, mzima, nikataka kumwonyesha mwalimu aliyekuwa anafundisha chumba cha pili. Nikamtia kwenye bika la maji ya bomba, nikaenda kumwita. Tuliporudi kulikuwa na kitu kama kamasi. Amevimba, amepasuka, mayai yametawanyika kwenye maji. Mwalimu akatazama bika, akanitazama mimi, akasema, "Hongera, mzee," akarudi darasani.

Maji ya bomba hayana chumvi, mnyoo unayo, basi maji yanaingia mwilini mwake mpaka unapasuka. Tumia gramu 6.5 za chumvi kwa lita moja ya maji, ambayo ni karibu kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Usichukue chupa ya dripu ya hospitali: ile ni gramu 9, imetengenezwa kwa ajili ya damu ya mtu.

Mnyoo uliojikunja kama ngumi ulitiwa kwenye fomalini baridi ukiwa hai. Safari ijayo mwagia maji ya chumvi yanayokaribia kuchemka. Unajinyoosha na kufa hapohapo, kisha uhamishie kwenye spiriti ya asilimia 70. Tegu asiye na kichwa ulimvuta. Kichwa kimebaki ukutani. Laza kipande cha utumbo kwenye maji ya chumvi saa kadhaa, ataachia mwenyewe.

Chura mwenye miguu ya ziada

Nimeulizwa hili mara chache. Mwaka 1995 wanafunzi huko Minnesota, Marekani, waliokota vyura wengi wenye miguu iliyozidi au kupungua, na mwaka 1999 majaribio yakaonyesha kwamba mnyoo bapa uitwao Ribeiroia, ukijichimbia kwenye vichipukizi vya miguu ya kiluwiluwi, huleta ulemavu huo. Lakini mguu uliopungua unaweza pia kuwa umeng'atwa na samaki au buu la kereng'ende. Chura mmoja aliyekosa mguu huko kwenye majaruba hajathibitisha chochote.

Sasa kile kichocho

Turudi kwa yule aliyepiga kelele. Minyoo ya kichocho huishi ndani ya mishipa ya damu, dume amemkumbatia jike kwenye mfereji wa mwili wake. Hii ya chura iko wazi ndani ya viungo, na kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja. Ukimwacha yule wa Spirometra, ukiishika haikuingii. Utomvu mweupe wa nyuma ya macho ya chura utakuwasha macho, na mikono isiyooshwa italeta tumbo la kuhara, lakini kichocho hakitoki kwenye sinia la kupasulia.

Kinatoka kule ulikokwenda kumtafuta huyo chura. Ndilo ninalowapigia watu kelele mimi. Yule kijana aliyeruka kwenye stuli kwa kuogopa punje ya waridi, asubuhi yake alikuwa amesimama bwawani maji ya magoti, suruali imekunjwa, saa tano jua likiwaka. Mabuu ya kichocho hutoka kwa konokono zaidi muda huohuo wa mwanga, kuanzia asubuhi hadi mchana, na yenyewe hayasubiri kuliwa kama yale ya Diplodiscus. Yanatoboa ngozi.

Ukiwa ukingoni, okota magamba makavu uyatazame. Lililobapa, limejizungusha kama kamba iliyokunjwa sakafuni, ni Biomphalaria, konokono wa kichocho cha tumbo. Lenye ncha, ukilishika ncha juu na mdomo ukikutazama, tazama mdomo uko upande gani. Kushoto ni Bulinus: huyo hubeba kichocho cha mkojo, na hubeba pia zile punje za kwenye taulo la ng'ombe. Kulia, lenye mdomo mpana, ni Lymnaea wa minyoo ya maini. Ukiona la kwanza au la pili, usiingie majini. Kama tayari umekuwa ukiingia, nenda kapimwe; dawa yake, prazikwanteli, ipo.

Mimi vyura wa kupasua siku hizi nawataka wa nchi kavu. Mvua ikinyesha jioni, kumbikumbi wakatoka, wanakaa wenyewe chini ya taa za barabarani wakila mpaka wanashindwa kuruka, na ni wakubwa kuliko wa bwawani. Vijana wanaoniletea hawakukubali mara moja. "Anko, wa majini ndio wengi." Nikapanga bei mbili: wa chini ya taa pesa nzima, wa bwawani nusu. Wiki ya pili ndoo zilikuja zimejaa, na hakuna aliyekuwa na suruali mbichi.